Breki ni za Nani?

Kiswahili kina neno moja linalofanya kazi ya kutuliza watu kila panapotokea msiba wa barabarani. Neno lenyewe ni ajali. Mtu akigongwa, watu wakishakaa kwenye mkeka, atatokea mmoja atakayesema kwa sauti ya chini, "Ajali haina kinga," na wengine wataitikia kwa kichwa. Hapo mazungumzo yameisha. Nani alikuwa anaendesha, alikuwa mwendo gani, chombo chake kilikuwa katika hali gani, yote hayo yanawekwa kando, maana kuyauliza kunaonekana kama kumtonesha mfiwa kidonda.

Neno hili tumelipata kwa Waarabu, na huko kwao ajal ni muda uliowekwa, siku ya mtu iliyokwisha kuandikwa. Ndiyo maana hata katika Kiswahili cha zamani ajali ilikuwa kudra, hata kifo chenyewe, kabla haijawa jina la magari kugongana. Kwa hiyo tunaposema ajali haina kinga, hatusemi tu kwamba mambo ya ghafla hayazuiliki. Tunasema pia, pengine bila kutaka, kwamba hakuna aliyeyafanya.

Nimekuwa nalifikiria neno hili wiki mbili tatu hizi kwa sababu ndogo sana: fundi wangu wa baiskeli amenitajia bei ya breki.

Baiskeli yangu ni ya kawaida kabisa, tairi za inchi 26, ya kwenda na kurudi kazini, Tabata mpaka Kariakoo kupitia Buguruni. Breki zake ni zile za waya zinazobana ringi pande mbili, na ringi zenyewe ni za chuma kilichopakwa kromu, zinang'aa kama kijiko kipya. Kiangazi zinashika. Mvua ikinyesha unaminya mpaka vidole vinagusa usukani, na baiskeli inaendelea na safari kama vile haijaambiwa kitu. Fundi, mzee mmoja anayefanya kazi chini ya mwarobaini karibu na kituo cha daladala, aliizungusha ringi kwa kidole, akaniambia, "Breki zako si mbovu, kijana wangu. Ni dhaifu. Zingekuwa mbovu ungeshazibadilisha mwenyewe."

Akanipa njia tatu. Ya kwanza, mipira mipya ya breki na waya mpya: shilingi 9,000. Ya pili, ringi mbili za alumini pamoja na breki bora za aina hiyohiyo, na kazi ya kusuka spoki upya: shilingi 95,000. Ya tatu, breki za diski, ambazo zitataka foku nyingine na magurudumu mengine; hapo, alisema, bora nitafute baiskeli nyingine kabisa. Ya tatu niliiacha palepale. Ya kwanza haihitaji kufikiriwa, ni fedha ya chakula cha siku mbili. Swali ni hiyo ya katikati.

Hebu tuangalie kwanza kinachotokea mvua inaponyesha. Chuma cha kromu ni laini mno. Kikilowa, maji yanakaa kati yake na mpira wa breki, na mpira unateleza badala ya kushika. Alumini ikilowa inashikwa vizuri zaidi, ingawa nayo hutaka gurudumu lizunguke kidogo mpaka maji yafutike. Diski iko juu, karibu na habu, mbali na madimbwi, ndiyo maana inasifiwa.

Sasa tuweke namba. Mwendo wa kilomita 20 kwa saa ni kama mita 5 na nusu kila sekunde. Tuseme breki inayoshika inapunguza mwendo huo kwa mita 5 kwa sekunde, katika kila sekunde inayopita. Utasimama ndani ya mita 3 hivi. Tuseme breki iliyolowa inapunguza kwa mita 1 na nusu tu. Utahitaji mita 10. Na hapo sijahesabu ile sekunde moja ya kushtuka, ambayo peke yake inakula mita 5 na nusu kabla mkono haujaminya chochote.

Tofauti ya breki na breki, basi, ni mita 7. Kwenye karatasi ni kidogo. Pale Buguruni sokoni, asubuhi, ndani ya mita 7 anaenea mama muuza mihogo na beseni lake, watoto watatu wa shule wenye mashati meupe, na kijana aliyesimama katikati ya njia kusoma ujumbe kwenye simu.

Mtu akitajiwa bei kama ile, swali la kwanza huwa: inalipa? Ni swali halali. Tunaliuliza kwa viatu, kwa simu, kwa bima. Unachukua uwezekano wa kuanguka, unazidisha kwa gharama ya hospitali na siku utakazokaa nyumbani, unalinganisha na 95,000. Nimezunguka na hesabu hiyo barabara nzima ya Uhuru, na kwa kuwa naendesha taratibu kiasi na sijawahi kuumia, jibu lilikuwa linaelekea kwenye hapana. Ukitazama vizuri, namba zote ziko sawa, ila ndani ya hesabu kuna mtu mmoja tu, na mtu huyo ni mimi.

Kofia ngumu inaweza kuhesabiwa hivyo. Kichwa ni changu, nikiamua kutoivaa nimejiamulia mwenyewe, angalau kwa sehemu kubwa. Breki haziko hivyo. Breki nanunua mimi, lakini anayezihitaji zaidi ni yule aliye mbele yangu. Mimi na baiskeli tukiwa pamoja tuna kilo kama 90 hivi, na nikimvaa mama wa mihogo kwa mwendo ule, yeye ndiye atakayeanguka vibaya. Kwa hiyo nikisema "sioni kama inalipa", nimemwamulia mtu ambaye hajaulizwa, na ambaye hajui hata kwamba habari zake zimejadiliwa chini ya mwarobaini.

Mwanafalsafa wa Marekani T. M. Scanlon, katika kitabu chake What We Owe to Each Other cha mwaka 1998, anatupa kipimo ambacho nimekiona kinafaa hapa. Kwa maneno yangu mimi: jambo ni sawa kama unaweza kulitetea mbele ya kila mmoja linayemgusa, kwa kanuni ambayo yeye hana sababu ya haki ya kuikataa. Kila mmoja, si wastani wa wote. Haitoshi kusema kwamba kwa jumla baiskeli zinaua watu wachache. Inabidi niweze kumtazama mama yule usoni. Na nikijaribu, sentensi inayonitoka ni hii: "Mama, samahani, zilikuwa 95,000." Haisemeki.

Lakini tusikimbilie hukumu, maana siku nyingi hakuna linalotokea. Hapo ndipo wanafalsafa wengine wawili wanapoingia. Mwaka 1976 Bernard Williams na Thomas Nagel walijadiliana juu ya kitu walichokiita bahati katika maadili, na makala ya Nagel ikaja kuwekwa katika kitabu chake Mortal Questions cha mwaka 1979. Mmoja wa mifano yake ni dereva ambaye hajapeleka gari lake kukaguliwa breki siku za karibuni. Uzembe mdogo, nani hana? Sasa mtoto anachomoka barabarani. Kama breki zile zimechangia kifo chake, dereva hatajiona mtu mwenye huzuni tu, atajiona amemuua. Na kama mtoto yule angebaki nyumbani, dereva huyohuyo, na breki zilezile, angekuwa na cha kujilaumu kidogo sana.

Fikiria madereva wawili basi, uzembe uleule, siku ileile. Mmoja anarudi nyumbani anakula wali maharage, analala. Mwingine anabeba mtoto wa watu rohoni mpaka kaburini. Tunawahukumu tofauti kabisa, na ukiulizwa wamefanya nini tofauti, huna jibu. Nagel hatoi dawa ya jambo hili; anatuonyesha tu kwamba liko, na kwamba hatuwezi kulikwepa kirahisi.

Mfano huu umenisaidia kulifungua lile neno ajali. Kumbe ndani yake kuna vipande viwili vilivyofungwa pamoja. Kwamba mtoto atachomoka sekunde ile na si nyingine, hicho ni kipande cha kudra, hakina kinga kweli. Kwamba nitafika pale na ringi za aina gani, hicho kiliamuliwa mapema, na mtu mzima, akiwa na muda wa kutosha na pochi mkononi. Msemo wetu unavifunika vyote viwili kwa shuka moja.

Mahakama moja ya London iliwahi kulazimika kuvifungua hadharani. Februari 2016, katika barabara ya Old Street, kijana wa miaka 18 aliyekuwa kwenye baiskeli alimgonga mama wa miaka 44, mwenye watoto wawili, aliyekuwa anavuka barabara wakati wa mapumziko ya mchana. Mama yule aliumia kichwa, akafariki baada ya wiki moja. Baiskeli ilikuwa ya mashindano ya uwanjani: gia moja isiyoachia, pedeli zinazunguka muda wote gurudumu linapozunguka, breki ya mbele haina. Kanuni za Uingereza za mwaka 1983 zinataka baiskeli ya barabarani iwe na njia mbili za kusimama zisizotegemeana. Hii ilikuwa na moja, nayo ni miguu ya mwendeshaji kuzuia pedeli. Mwaka 2017 kijana aliachiwa kwa shtaka la kuua bila kukusudia, akatiwa hatiani kwa kosa la uendeshaji wa kizembe chini ya sheria ya mwaka 1861, iliyoandikwa enzi za magari ya farasi, akapewa kifungo cha miezi 18.

Sitaki kumhukumu mara ya pili. Ninachokumbuka katika kesi ile ni kwamba mabishano mengi yalikuwa ya mita. Upande wa mashtaka ulisema breki ya mbele ingemwezesha kusimama kabla ya kumfikia. Upande wa utetezi ukapinga vipimo hivyo. Pia alimpigia kelele mama yule apishe, na mama alikuwa barabarani, si kwenye kivuko. Ukitaka kipande cha kudra, kipo. Lakini mahakama iliuliza kipande cha pili pia: ulitoka nyumbani na nini?

Najua kuna atakayenijibu kwamba siku ya mtu ikifika imefika, hata ufunge breki za ndege. Sibishani na imani ya mtu, na mimi nimelelewa humohumo. Ila masimulizi yetu wenyewe hayamruhusu mwenye chombo kusema hivyo. Wengi tumesimuliwa tukiwa chuoni habari za yule bedui aliyemuuliza Mtume kama amfunge ngamia wake au amwache na kumtegemea Mungu, akaambiwa afunge kwanza ndipo ategemee. Kudra ni maneno ya kumfariji mfiwa. Mwenye breki dhaifu akiyasema kabla ya tukio, anajipatia nafuu ya shilingi 95,000.

Pingamizi lililo zito zaidi ni la mfuko. Alfajiri, ukiwahi, utakutana na wabeba mkaa wanaoingia mjini kutoka upande wa Pugu na Kisarawe, magunia mawili matatu juu ya keria, na kwa wengine breki ni kandambili inayobanwa kwenye tairi la nyuma. Je, haya ninayoandika yanamhukumu mtu huyo? Kwake 95,000 si ringi, ni mchele wa mwezi. Kama maadili ni kitu cha wenye uwezo wa kununua alumini, basi bora tuyaache.

Nimewaangalia wale jamaa. Kwenye mteremko, wengi hawateremki wamekaa. Wanashuka, wanaishika baiskeli kwa mikono miwili, wanaivuta nyuma, wanatembea nayo mpaka chini. Wanapoteza muda, wanachoka, na wanafika salama pamoja na waliokuwa mbele yao. Deni ni lilelile ninalodaiwa mimi. Wao wanalilipa kwa miguu. Uholanzi nako, nchi ya baiskeli, zile baiskeli kubwa za mjini nyingi zina breki moja tu ya kupiga pedeli nyuma, na zinafaa kwa sababu nchi ni tambarare na watu wanaendesha polepole wakiwa wamekaa wima.

Turudi kwenye namba zetu na breki yangu iliyolowa. Nikipunguza mwendo kutoka kilomita 20 kwa saa hadi 10, zile mita 10 za kusimama hazipungui nusu, zinapungua mara nne. Nitasimama ndani ya mita 2 na nusu. Yaani breki dhaifu kwa mwendo wa 10 ni bora kidogo kuliko breki nzuri kwa mwendo wa 20. Hapa niligundua kwamba swali langu lilikuwa limekaa vibaya tangu mwanzo. Mama wa mihogo hanidai alumini. Ananidai mita. Naweza kuzinunua kwa fundi, au naweza kuzilipa kwa kuchelewa kazini siku za mvua.

Na kinyume chake ni kweli pia: naweza kununua breki nisimlipe kitu. Mwaka 1975 mchumi Sam Peltzman aliandika kwamba sheria za usalama wa magari Marekani hazikuokoa watu kama ilivyotarajiwa, kwa sababu madereva waliojiona salama zaidi waliendesha kwa ujasiri zaidi. Wengi wamempinga juu ya ukubwa wa jambo lenyewe. Lakini miaka ya 1980, mjini München, watafiti walifuatilia teksi za kampuni moja, baadhi zikiwa na breki mpya zisizofunga magurudumu na nyingine bila. Teksi zenye breki bora hazikupata ajali chache zaidi. Madereva wake walionekana kukata kona kwa kasi na kukaa karibu mno na gari la mbele. Usalama walioupewa waliutumia kama nyongeza ya mwendo. Kwa hiyo nikifunga ringi mpya na kuanza kupita Buguruni kwa kilomita 28, nimetumia 95,000 kujifurahisha mwenyewe, na mama yuko palepale alipokuwa.

Basi kwa nini ninunue? Kama mwendo wa polepole unatosha, fedha hizo zina wenyewe wengine. Nina mama Tanga anayetumia dawa, na mimi si mtu wa kusema kwamba mgeni wa barabarani anamtangulia mzazi. Nilikaa na swali hili kwa siku kadhaa, na jibu nililolipata si la kujisifia. Kumnyima mtu msaada na kumgonga si kitu kimoja. Siwezi kumhudumia mama yangu kwa fedha niliyoibana kwenye usalama wa mama wa mtu mwingine. Mwendo wa polepole ungemaliza suala, kama ningekuwa na uhakika kwamba nitakuwa mtu wa polepole kila siku ya mvua. Lakini najua binadamu alivyo saa moja na nusu asubuhi, mvua inanyesha, simu ya bosi inaita mfukoni. Leo nimetulia, naahidi kilomita 10 kwa saa. Yule atakayekuwa barabarani mwezi wa nne, katikati ya masika, ni mimi mwingine mwenye haraka, na ahadi yangu ya leo haimfungi sana. Ringi ya alumini itamfunga kidogo zaidi. Nainunua kwa ajili ya siku ambayo subira itanishinda.

Kwa hiyo nimeamua hivi. Mipira na waya mpya nimeshaweka, hizo 9,000 hazina mjadala. Ringi ya mbele itafuata mwisho wa mwezi, kwanza hiyo, kwa sababu unaposhika breki uzito wote unaegemea mbele na gurudumu la mbele ndilo linalofanya sehemu kubwa ya kusimamisha. Ya nyuma itasubiri mwezi unaofuata. Mpaka hapo, mvua ikinyesha nitapita sokoni kwa mwendo wa mbeba mkaa, na pakiwa pamejaa nitashuka nitembee. Dawa ya Tanga haitaguswa. Kitakachopungua ni chai na maandazi ya saa nne, jambo ambalo halijamuua mtu.

Uamuzi huu hautakuja kuthibitishwa na chochote. Siku moja ya masika nitaminya breki, baiskeli itasimama mita chache kabla ya beseni la mihogo, na mama ataendelea kuhesabu chenji bila kugeuka. Kwake itakuwa asubuhi kama nyingine, na hapatakuwa na mkeka wala mtu wa kusema ajali haina kinga. Pengine hata mimi sitaijua siku yenyewe, nitafika Kariakoo nikilalamika kwamba viatu vimelowa.